Mwewe wa Taifa na Daktari wa Kuku

Nchi yetu ilikuwa na ndege moja ya abiria. Nasema hivi mapema ili msomaji anayetoka nchi zenye ndege nyingi asije akadhani nimesahau kuzitaja nyingine. Nchi yenyewe ni ndogo, na tukiulizwa ughaibuni iko wapi huwa tunaanza kwa kuwataja majirani, kisha tunasema, "hapo katikati." Lakini ndege tulikuwa nayo, na jina lake lilikuwa Mwewe wa Taifa. Kwa agizo la wizara ilikuwa marufuku kumtaja kama kitu. Redio haikusema "ndege imetua", ilisema "Mwewe ametua." Akiharibika injini, ilisema amepumzika.

Siku ya kuadhimisha kununuliwa kwake, wizara iliamua apokewe kwa maji. Viongozi wetu walikuwa wameona huko nje jinsi magari mawili ya zimamoto yanavyosimama huku na huku yakirusha maji juu, ndege ikapita katikati kama bibi harusi. Sisi gari la zimamoto tulikuwa nalo moja. Ikaamuliwa basi lirushe maji upande mmoja, kisha likimbie upesi upande wa pili likarushe tena. Breki zake zilikuwa na matatizo yanayofahamika.

Upande wa kwanza lilirusha vizuri, watu wakapiga makofi. Likakimbia. Halikusimama mpaka lilipojikita ubavuni mwa Mwewe, nyuma kidogo ya bawa, na kwa kuwa dereva aliruka bila kufunga maji, likaendelea kuyamwaga ndani. Hakuna aliyekufa. Abiria walishuka kwa ngazi, wa viti vya nyuma wakiwa wamelowa mpaka soksi, na bendi ya polisi, ambayo haikupewa maelekezo mengine, ikaendelea kupiga. Jioni redio ilitangaza kwamba Mwewe amepokea salamu za wananchi kwa uzito mkubwa.

*

Mimi ni daktari wa kuku. Jina langu ni Anyandwile Kasyupa, na kama umewahi kufuga kuku wa mayai katika wilaya zetu za kusini huenda umewahi kunikaribisha bandani. Nilikuwa humo humo bandani, nimemshika mtetea namchungulia macho, redio iliposoma majina ya Kamati ya Taifa ya Hatima ya Mwewe. Mwenyekiti: Dakta Anyandwile Kasyupa. Nikajisemea kumbe yupo mwingine mwenye jina kama langu, amesoma mambo ya ndege, mzazi wake ana bahati. Kisha likaja gari la serikali kunichukua.

Waziri wa Uchukuzi, Anga na Heshima ya Taifa alikuwa Mheshimiwa Mtalemwa Bwire, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye hakuwahi kumfokea mtu yeyote, kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alinieleza kwamba kamati ilihitaji mtu aliyezoea kuamua mgonjwa yupi atibiwe na yupi achinjwe.

"Na wewe, Dakta, ni mtaalamu wa viumbe wenye mabawa," akasema.

Hapo ndipo ningemwambia kwamba kuku haruki. Ningeongeza kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikiwafundisha wafugaji namna ya kumfukuza mwewe, sasa naitwa kumuuguza. Sikusema. Nilisema nashukuru kwa kuaminiwa, nikapita kwa fundi kushona suti. Mke wangu, Tusekile, alinitazama nikijigeuza mbele ya kioo akauliza kama kuku watanitambua.

Wajumbe tulikuwa wengi, kwa maana kila mkoa ulitaka wake, lakini waliojua ndege walikuwa wawili tu. Mmoja ni Injinia Nyabise Magoti, mwanamke mrefu aliyesomea ndege ng'ambo kisha akarudi nyumbani kwa kuipenda nchi yake, kosa ambalo hakuwahi kulificha. Wa pili ni Kapteni Hizza Semboja, rubani mkuu wa Mwewe na rubani pekee aliyekuwa amebaki baada ya wenzake kupata kazi kwa majirani. Huyu alikuwa shemeji yangu. Amemwoa mdogo wangu Ikupa. Nilifurahi kumwona kwenye kamati, nikidhani tutakuwa tukirudi nyumbani pamoja tukipiga soga.

*

Injinia Nyabise alitupeleka karakana kumwona mgonjwa. Ufa ulianzia pale gari lilipoingia, ukapanda juu ya madirisha, ukazunguka mgongoni na kushuka upande wa pili. Sikuhitaji miwani. Mjumbe mmoja alipitisha mkono mzima akatupungia kutoka ndani.

Nikauliza, kwa mazoea, kama mgonjwa amekuwa akinywa vizuri. Injinia akanitazama kidogo, kisha akajibu kwa adabu kwamba mafuta amekuwa akinywa kupita kiasi, lakini shida haiko tumboni. Akatueleza jambo lenyewe kama mtu anayewaeleza jirani zake. Ndani ya lile bati kuna mbavu za chuma, na hizo ndizo zinazoshika mwili. Angani ndege hujazwa hewa ili watu wapumue, kwa hiyo kila ikipaa inatanuka kidogo kama mpira, ikishuka inasinyaa. Yenye mbavu nzima inahimili. Hii mbavu zake za katikati zimevunjika, na ikipanda itafunguka.

"Itafunguka sana au kidogo?" nikauliza.

"Angani hakuna kufunguka kidogo, Dakta."

Njia, alisema, ziko mbili. Ya kwanza ni kuikata vipande, kuipeleka kiwandani ilikotengenezwa na kuungwa upya, kwa gharama inayozidi bei ya kununua nyingine ya umri ule ule. Ya pili ni kuifuta katika mali za taifa, kuuza injini na viti ambavyo bado vizima, na kukaa bila ndege mpaka tupate nyingine. Yeye alishauri ifutwe. Shemeji yangu akatikisa kichwa kukubali. Nikatikisa na mimi, kwa kuwa wote walikuwa wakitikisa. Kamati ingeweza kumaliza kazi asubuhi ile ile kabla ya chai. Tatizo ni kwamba chai ilikuwa imeshaandaliwa, na wakati wa chai Waziri alikuja.

Alisikiliza kila kitu. Kisha akatueleza, kwa masikitiko, kwamba tukimfuta Mwewe majirani watasema nchi haina ndege, na tukimpeleka kiwandani watajua anaumwa. Hivyo serikali imeona njia ya tatu, ambayo wataalamu hatukuiona kwa sababu ya kusoma sana: matibabu ya kizalendo. Mafundi wa mabasi wakaitwa. Walifanya kazi nadhifu, siwezi kuwasema vibaya. Walipiga bati juu ya ufa kutoka bega hadi bega, wakaligonga misumari ya ribiti kwa mistari iliyonyooka, wakapaka bendera ya taifa juu yake. Ukisimama mbali ulitamani kupiga picha. Mbavu hawakuzigusa, kwa maana haziko katika basi na hakuna aliyewaambia wazitafute.

*

Kamati ikageuka kutoka kuamua na kuwa ya kuandika. Kikao kizima kilipotea kwenye neno "ufa". Waziri aliona neno hilo linakatisha tamaa. Mjumbe mmoja akapendekeza "mkunjo", mwingine "alama ya kuzaliwa". Mimi, na nasikia aibu kidogo kusema kwamba nilipongezwa kwa hilo, nikapendekeza "mstari wa kihistoria". Likapita. Kuanzia siku hiyo taarifa yetu ilisema kwamba Mwewe ana mstari wa kihistoria ambao umeimarishwa.

Injinia Nyabise alikataa kutia saini. Alikataa bila kelele, akasema maneno yale yale aliyosema karakana, akakaa. Juma lililofuata alipandishwa cheo kuwa Mkuu wa Vivuko katika wilaya ambayo haina mto. Mto wenyewe ulikuwa kwenye mpango wa maendeleo. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari lake, nimembebea begi, na njia nzima nilikuwa nikitafuta neno la kumfariji. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Aliniambia amebaki mtu mmoja tu ambaye saini yake inahitajika, na akanikumbusha mtu huyo ni nani, maana niliendelea kuangalia huku na huku.

Ni kweli. Waziri hatii saini. Yeye anaelekeza. Kwa sheria ya nchi yetu chombo hakiruki mpaka mwenyekiti wa kamati aandike kwamba ni kizima, na tarehe ya Mwewe kurudi angani ilikuwa imeshatangazwa. Angebeba abiria wake wa kawaida: akina mama wafanyabiashara, walimu wanaorudi vituoni, wagonjwa wa rufaa. Tiketi zikauzwa zikaisha, kwa kuwa watu walikuwa wamechoshwa na barabara. Rubani, Kapteni Hizza Semboja.

*

Ikupa alikuja kwangu mchana, mimi niko nje nawachanganyia kuku chakula. Mdogo wangu si mtu wa machozi. Alikaa juu ya gunia, akaanza kunieleza mambo ya nyumbani kwake, taratibu, kama mtu anayetoa habari za shamba. Hizza amemfundisha binti yao mkubwa kuwasha pampu ya maji. Amemwonyesha paa linapovuja na namna ya kuliziba. Amewapigia simu ndugu zake ambao alikuwa hasemezani nao kwa miaka mingi, akawaomba radhi mmoja mmoja. Ameyapiga pasi mashati yake yote ya kazi na kuyatundika.

"Hajasema lolote," Ikupa akasema. "Anatengeneza nyumba tu. Kaka, mtu anatengeneza nyumba hivyo kama anakwenda wapi?"

Nikaendelea kuchanganya pumba.

"Usisaini," akasema. "Sikuombi kingine. Najua watakupeleka mbali, lakini popote watakapokupeleka nitakuja kukuona. Yeye nitakwenda kumwona wapi?"

Nikaiacha pumba pale pale nikaenda kwa shemeji. Nilimkuta juu ya ngazi anaziba paa. Akashuka, tukakaa barazani, na kwa mara ya kwanza tangu kamati ianze tukazungumza kama watu. Nilimuuliza kwa nini asikatae tu kurusha. Akasema akikataa peke yake, na karatasi inasema ndege ni nzima, ataitwa mwoga na msaliti, na mwishowe watamleta rubani wa kukodi asiyejua habari za ubavu ule. Mimi nikasema nikikataa peke yangu watateua daktari mwingine, hata wa ng'ombe. Basi tukaahidiana. Nitakataa kusaini, naye siku hiyo hiyo atapeleka neno wizarani kwamba harushi. Tukashikana mikono. Niliporudi nyumbani nilitembea kifua mbele, na nadhani nilikuwa nimeongezeka urefu. Tusekile aliponiona aliuliza kama suti inanibana.

*

Siku ya kusaini nilikuwa na hotuba yangu ya kukataa, fupi, niliyoifanyia mazoezi bandani mbele ya mitetea. Walikuwa wameisikiliza kwa makini na mmoja alitaga.

Ofisi ya Waziri ilikuwa na zulia linalomeza viatu. Wajumbe wote walikuwapo isipokuwa shemeji, ambaye alisemekana ana shughuli na wizara katika chumba kingine. Nikajua yuko huko anakataa, nikapata nguvu. Mezani kulikuwa na taarifa yetu, imefungwa kwa utepe, na maikrofoni ya redio ya taifa, kwa kuwa Waziri alitaka wananchi washuhudie moja kwa moja. Alianza yeye kuzungumza. Alisema taifa haliruki kwa mabawa, linaruka kwa moyo. Alisema nyufa zote ziko katika fikra. Alisema historia itamkumbuka mtu mmoja mnyenyekevu aliyetoka katika mabanda ya kuku akaifikisha nchi mawinguni, na akanitazama kwa upendo ambao sijatazamwa nao hata na mama yangu. Kisha akanipa kalamu, mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Nikasimama. Nikafungua mdomo nikatae.

Mpaka leo sielewi vizuri kilichotokea. Hotuba ilikuwapo, niliiona kabisa kichwani, neno la kwanza lilikuwa "hapana". Lakini nilikuwa nimeshika kalamu ya Waziri, nimekunywa chai ya Waziri, na nchi nzima ilikuwa ikinisikia nikipumua. Woga ukanipanda kutoka kwenye zulia. Na mimi nikiogopa huwa nasifu. Nimekuwa hivyo tangu shule.

"Mheshimiwa Waziri," nikasikia sauti yangu ikisema, tamu kama ya mshereheshaji, "kazi hii uliyoisimamia ni kubwa mno. Kwa heshima ya kazi hii, mimi kama mwenyekiti naona si haki abiria wa kwanza wa Mwewe wawe watu wa kawaida. Napendekeza abiria wa kwanza awe Mheshimiwa Rais mwenyewe, yeye na familia yake. Na wewe, Mheshimiwa, ukae kiti cha pembeni yake."

Wajumbe wakapiga makofi, kwa sababu likitajwa jina la Rais huwa tunapiga. Makofi yakaendelea muda, kisha yakapungua pole pole kadiri kila mmoja alivyomaliza kufikiri. Waziri alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni. Aliitazama maikrofoni. Akaitazama taarifa. Halafu akaniomba, kwa sauti ya chini sana, nimrudishie kalamu.

*

Kilichofuata kilikwenda haraka, jambo ambalo katika nchi yetu linatosha kuwatia watu hofu. Alasiri vikundi vya akina mama tayari vilikuwa uwanjani vikifanya mazoezi ya nyimbo za kumsindikiza Rais. Magavana wa mikoa walipeleka pongezi, kila mmoja akiomba nafasi ya kiti, kisha kila mmoja akapata msiba wa ghafla nyumbani. Ikulu ikatuma watu wake karakana, watu wapole wenye miwani myeusi. Walimzunguka Mwewe mara moja, wakaigonga ile bendera kwa kifundo cha kidole. Mmoja akauliza nyuma yake kuna nini.

"Mstari wa kihistoria," mlinzi akajibu, maana ndivyo alivyofundishwa.

Wakabandua bati. Ufa ukaonekana tena, na neno lenyewe likaruhusiwa. Gari la serikali likatumwa usiku na mchana kumfuata Injinia Nyabise katika wilaya yake isiyo na mto, akaletwa akiwa bado na vumbi, akaombwa aeleze hali ya ndege. Akaeleza kwa maneno yale yale aliyoyasema siku ya kwanza. Sasa wote walishika vichwa. Waziri alimuuliza, kwa uchungu wa kweli, kwa nini mambo mazito kama haya hakuyasema mapema. Injinia akafikiri kidogo akasema labda siku ile hakuwa karibu na maikrofoni. Walimrudisha karakana akawe mkuu wake, na mto ukaondolewa kwenye mpango.

Jioni ya siku aliyoletwa Injinia, redio ikasoma tangazo. Kwa hekima yake, Mheshimiwa Rais amegundua ufa katika ndege ya abiria na kuokoa maisha ya wananchi wake. Ndege hiyo imefutwa katika mali za taifa. Nilisikia vizuri: imefutwa. Hawakusema amefutwa. Rais alipewa nishani ya usalama wa anga. Waziri alipewa wizara nyingine, ya Maji, ambako nasikia anaendelea vizuri.

Mimi sikupewa kitu wala kunyang'anywa kitu. Watu ndio walionipa. Mitaani walianza kunipisha njia. Walimu waliokuwa na tiketi walinitembelea wakanishika mkono. Ilienezwa kwamba nilikuwa nimepanga kila kitu, kwamba nilikaa miezi nikijifanya mjinga nikingoja siku ile na maikrofoni ile. Nilijaribu mara moja kueleza kwamba kujifanya hakukuwapo. Wakasema, mwone alivyo mnyenyekevu. Nikaacha. Ikupa alinipikia kwa mikono yake, akaninawisha, akaniita shujaa wa nyumba yake mbele ya watoto. Nikala. Chakula kilikuwa kizuri.

*

Siku ya kuikata ndege nilikwenda na shemeji. Mafundi walianza na mkia. Msumeno ulitoa kelele mbaya, na Hizza, aliyekuwa ameirusha ndege ile kwa muda mrefu kuliko alivyokaa na mke wake, alisimama amevaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, machozi yanamtoka waziwazi. Walipopumzika kunoa, yeye ndiye aliyenisemesha, akiwa bado anaiangalia ndege.

"Shemeji, ile siku ya kusaini. Unajua nilikuwa wapi?"

Nikamwambia najua, alikuwa chumba kingine anakataa, kama tulivyoahidiana.

"Nilikwenda kukataa," akasema. "Katibu akanikaribisha, akaniuliza watoto hawajambo. Akaniuliza kama sare bado inanitosha au wanishonee nyingine ya siku hiyo." Akashika kola ya shati lake. "Nikawapa vipimo."

"Ulikubali?"

"Ningeirusha. Nikijua vile ilivyo, ningewapandisha wale akina mama nikafunga mlango, nikairusha." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni wewe tu uliyesimama, shemeji. Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia."

Ningeweza kumwachia yaishie hapo. Suti ya ushujaa ilikuwa imeanza kunikaa vizuri. Lakini alikuwa analia, na mtu hawezi kumwangalia mwenzake analia peke yake kwa kosa lao wote.

"Sikusimama," nikamwambia. "Niliogopa nikasifia. Wangenijibu 'ahsante, sasa saini', ningesaini. Kalamu nilikuwa nayo."

Akanigeukia. Tukatazamana muda mrefu, watu wazima wawili, rubani na daktari. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka vibaya, kicheko cha watu waliopita karibu mno na shimo, mpaka mafundi wakatukodolea macho. Halafu kicheko kikatuishia na tukabaki tumesimama, kila mmoja anaona aibu ya mwenzake na hawezi kuisema kwa sababu ni ya kwake. Msumeno ukaanza tena.

"Ikupa tumwambie?" akasema hatimaye.

"Hapana," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa kukubali, nikatikisa na mimi. Kamati ya Taifa ya Hatima ya Mwewe ilikuwa imekaa vikao vingi sana, na huo ndio uamuzi wake pekee uliopita kwa kauli moja.